Elizabeth Fry, na Wenzake wa Jina Moja

Katika majina ambayo wazazi huwapa binti zao siku ya ubatizo, Elisabeti ni mojawapo la yale ya kale sana. Wasomaji wa Maandiko wanamjua Elisabeti mkewe Zakaria, mama yake Yohana Mbatizaji; na zamani kabla yake alikuwako Elisheba, mkewe Haruni, ambaye jina lake katika Kiebrania ni hilo hilo. Baadaye jina likaenea Ulaya yote. Yuko Elizabeth binti wa mfalme wa Hungaria, aliyezaliwa mwaka 1207, akaolewa na mtawala wa Thuringia katika nchi ya Ujerumani, akafiwa na mumewe mwaka 1227, ndipo akajenga hospitali mjini Marburg na kuwaosha wagonjwa kwa mikono yake mwenyewe. Alikufa mwaka 1231, naye ana umri wa miaka 24 tu. Yuko Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliyetawala Uingereza tangu mwaka 1558 hata mwaka 1603. Yuko Elizabeth Blackwell, mzaliwa wa Bristol, ambaye mwaka 1849 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uganga katika Marekani.

Malkia ana vitabu vya kumtosha, na wale wengine wawili wanastahili habari zao peke yao. Hapa twataka kueleza maisha ya mwingine, ambaye hakuwa malkia wala mganga. Alikuwa mama wa watoto 11, mwoga wa giza tangu utoto wake, naye aliingia mahali ambapo hata msimamizi wa gereza alisitasita kuingia.

Elizabeth Gurney alizaliwa tarehe 21 Mei 1780 katika mji wa Norwich, upande wa mashariki wa Uingereza. Baba yake alikuwa tajiri, mwenye biashara ya sufi na benki. Watoto wa nyumba hiyo walikuwa 12, nao walikaa katika jumba kubwa liitwalo Earlham, nje ya mji kidogo. Mama yao alifariki mwaka 1792, na Elizabeth alikuwa na miaka 12 tu. Huyu mtoto alikuwa dhaifu wa mwili, mwenye kuogopa giza na kuogopa bahari, wala masomo yake hayakusifiwa na mtu.

Jamaa yake walikuwa watu wa Chama cha Marafiki, wale wale ambao wenzao wa Marekani walikuja Kaimosi, katika Kenya ya magharibi, mwaka 1902. Desturi yao ni kukaa kimya katika ibada mpaka mmoja aongozwe na Roho kusema, na mwanamke aweza kusema sawasawa na mwanamume. Neno hilo lina maana katika habari hii, kwa kuwa katika madhehebu mengine ya siku zile mwanamke mwenye kusimama na kufundisha mbele ya watu angalinyamazishwa mara moja. Marafiki wa siku zile walivaa nguo za rangi ya kijivu, zisizo na urembo wowote. Lakini mabinti wa Earlham walipenda muziki na kucheza dansi. Basi siku ya tarehe 4 Februari 1798, Elizabeth alikwenda ibadani amevaa buti za rangi ya zambarau zenye kamba nyekundu. Mhubiri wa siku hiyo alikuwa mgeni kutoka Marekani, jina lake William Savery. Binti yule aliketi akizitazama buti zake kwanza. Kisha akaanza kusikiliza. Na wakati wa kurudi nyumbani alilia njia nzima garini. Hakubadilika kwa siku moja. Lakini kidogo kidogo aliacha dansi, akavaa nguo za kijivu na kofia nyeupe, akaanza kuwakusanya watoto wa maskini Earlham na kuwafundisha kusoma. Mwisho wake walizidi watoto 70, na dada zake wakamcheka.

Mwaka 1800 aliolewa na Joseph Fry, mfanya biashara ya chai na benki, akahamia London. Miaka kumi na mitatu iliyofuata ilikuwa ya kuzaa, kulea, kupokea wageni wa mumewe na kuuguza wagonjwa wa ukoo. Mwaka 1811 Marafiki walimkubali kuwa mhubiri wao.

Mwaka 1813 alifika kwake Rafiki mmoja mzaliwa wa Ufaransa, Stephen Grellet, ambaye alikuwa ametoka kuzuru magereza ya London. Aliyoyaona Newgate katika upande wa wanawake yalikuwa yamemshtua. Watoto wachanga walikuwa hawana nguo wakati wa baridi kali. Elizabeth Fry hakungoja: akaita wanawake wenzake, wakashona nguo za watoto, na baada ya siku chache akaenda Newgate mwenyewe pamoja na rafiki yake Anna Buxton.

Inafaa kueleza Newgate ilikuwa mahali gani. Wanawake karibu 300, pamoja na watoto wao, walikuwa wamesongwa katika vyumba vichache. Mwenye kungoja hukumu, mwizi wa kipande cha kitambaa, na mwuaji aliyehukumiwa kufa, wote walilala sakafuni pamoja, bila vitanda, nao walipika, wakafua na kujisaidia mahali pale pale. Pombe iliuzwa humo ndani. Mwenye fedha alinunua nafasi, asiye nazo aliomba kwa kunyosha kijiko cha mti kati ya vyuma vya dirisha. Msimamizi wa gereza hakupenda kuingia peke yake, na imepokewa kwamba aliwashauri wale mabibi waziache saa zao nje. Wao wakaingia nazo.

Aligawa nguo, akapiga magoti, akaomba, akarudi nyumbani. Hapo ikapita miaka mitatu na zaidi kabla hajaanza kazi yake hasa. Alizaa tena, na mwaka 1815 binti yake mdogo, aliyeitwa Elizabeth kama yeye, akafariki, hata hajatimiza miaka mitano. Twadhani msiba huo una sehemu katika mambo yaliyofuata, maana aliporudi Newgate, mwishoni mwa mwaka 1816, hakuanza na mahubiri. Alimwinua mtoto mmoja mikononi, akawauliza wale mama kama hawataki watoto wao wafanyiwe jambo jema. Wale waliokuwa wakipigana na kupasuana nguo wakanyamaza. Mama ni mama hata gerezani.

Wakakubaliana kufungua shule. Wakuu wa gereza walisema nafasi hakuna, yeye akapata chumba kimoja kidogo kilichokuwa kitupu. Na mwalimu? Hapa, kwa maoni yetu, ndipo alipoonyesha akili zake zaidi ya mahali pengine pote. Hakuleta mwalimu kutoka nje. Aliwaambia wafungwa wamchague mmoja wao. Wakamchagua msichana jina lake Mary Connor, aliyefungwa kwa kuiba saa. Akafundisha vizuri sana, hata baada ya miezi kadhaa serikali ikamsamehe. Lakini alikuwa na ugonjwa wa kifua, akafa upesi. Waalimu wasomao habari hii wataona kwamba shule ile ya Newgate ilianza bila meza, bila ubao, na mwalimu wake alikuwa mfungwa.

Mama za watoto nao wakaomba kufundishwa. Mwezi wa Aprili 1817 mabibi 12, karibu wote wa Chama cha Marafiki, waliungana kuwasaidia wanawake wa Newgate. Waliandika sheria: kusiwe na kuomba-omba, kutukana, kucheza karata, wala kugombana, kuwe na kazi ya kushona na kufuma, na kusomewa Maandiko asubuhi na jioni. Sheria hizo hazikutolewa kama amri. Zilisomwa moja moja mbele ya wafungwa wote, nao wakainua mikono kukubali kila moja. Wakachagua wasimamizi kati yao wenyewe. Soksi na nguo walizozitengeneza ziliuzwa, nao wakapata fedha kidogo za kwao. Baada ya muda mfupi wakuu wa mji wa London walikuja kutazama, wakastaajabu, wakazikubali sheria zile ziwe za gereza.

Mwaka 1818 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge kueleza hali ya magereza. Lilikuwa jambo geni kabisa kwa mwanamke. Aliwaambia wanawake wapewe kazi, nguo na walinzi wa kike, wasilindwe na wanaume. Mwaka 1823 Bunge lilitoa sheria ya magereza iliyoletwa na Robert Peel, na neno la walinzi wa kike likaingia humo.

Lakini mwaka ule ule wa 1818 alipata pigo. Zamani zile makosa zaidi ya 200 yaliweza kuhukumiwa kifo katika Uingereza, na kutoa noti za bandia lilikuwa mojawapo. Harriet Skelton, mtumishi wa nyumbani, alihukumiwa kunyongwa kwa kosa hilo. Alilifanya kwa kumtii mwanamume aliyempenda. Elizabeth Fry alimwendea waziri mwenyewe, Lord Sidmouth, akamsihi. Waziri alikasirika, na Harriet akanyongwa. Hata kwa wakuu wengine wa serikali bibi huyu hakusikilizwa tena kama mwanzo. Adhabu ya kifo kwa makosa ya jinsi hiyo haikuondolewa kabisa mpaka mwaka 1837.

Akageukia merikebu. Wengi wa wafungwa walipelekwa uhamishoni Australia, safari ya miezi. Desturi ilikuwa kuwapakia wanawake katika magari ya wazi, wamefungwa minyororo, watu wa mjini wakiwatupia matope. Nao usiku wa kuamkia safari walivunja kila kitu gerezani kwa uchungu. Elizabeth Fry aliomba wachukuliwe katika magari yaliyofunikwa, akaahidi kufuatana nao mpaka pwani, na hivyo alivyofanya, na usiku ule hakikuvunjwa kitu. Tangu hapo yeye na wenzake walizuru merikebu 106, zilizochukua wanawake wapata 12,000. Kila mmoja alipewa mfuko: Biblia, aproni, sindano, uzi, na vipande vingi vya kitambaa vya kushonea viraka, apate kazi ya mikono njiani na kitu cha kuuza akifika.

Wako waliomlaumu. Walisema mama mwenye watoto wengi hivi hakai nyumbani, na kweli wengi wa watoto wake walikiacha Chama cha Marafiki walipokua. Yeye mwenyewe alihuzunika sana kwa hayo. Hatuoni haja ya kumtetea wala kumhukumu. Mwaka 1828 benki ya mumewe ilianguka. Joseph Fry akatengwa na Marafiki, kwa kuwa kwao kushindwa kulipa madeni ni aibu kubwa. Jumba lao likauzwa, wakahamia nyumba ndogo zaidi huko Upton. Watu wakanong'ona kwamba labda sadaka za wafungwa nazo zimeliwa, neno lisilo na ukweli wowote. Ndugu yake Joseph John Gurney aliwasaidia, na kazi ikaendelea. Baada ya mwaka 1835 wakaguzi wapya wa serikali waliwadharau mabibi wenye kuzuru magereza, wakataka kila mfungwa afungwe peke yake katika chumba chake. Elizabeth Fry aliupinga mpango huo, maana aliona mtu akikaa peke yake muda mrefu akili zake huharibika. Hakushinda. Gereza la Pentonville, lililofunguliwa mwaka 1842, lilijengwa kwa mpango ule ule alioukataa.

Kuna jambo moja linalowahusu watu wa pwani yetu. Dada yake Hannah aliolewa mwaka 1807 na Thomas Fowell Buxton, naye Buxton ndiye aliyeongoza shauri la kukomesha utumwa katika Bunge hata sheria ikapita mwaka 1833. Mwaka 1840 Buxton aliitisha mkutano mkubwa London juu ya biashara ya watumwa wa Afrika, na kati ya wasikilizaji alikuwamo kijana David Livingstone. Maneno ya Livingstone ndiyo yaliyozaa misheni iliyofika Unguja, na soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873.

Katika mwaka 1840 huo huo Elizabeth Fry alianzisha chama cha wauguzi London, wakafundishwa kuuguza maskini majumbani mwao. Alisafiri Ufaransa, Uholanzi, Denmark na Ujerumani akitazama magereza. Mwaka 1842 mfalme wa Prussia alikwenda naye Newgate, akaketi kusikiliza akiwasomea wafungwa, kisha akala chakula nyumbani kwake. Alikufa Ramsgate, kando ya bahari ile aliyoiogopa utotoni, tarehe 12 Oktoba 1845, akazikwa Barking. Newgate yenyewe ilibomolewa mwaka 1904. Tangu mwaka 2002 sura yake ilichapwa juu ya noti ya pauni 5 ya Uingereza, ikaondolewa mwaka 2017.

Katika merikebu iitwayo Rajah, iliyosafiri mwaka 1841 kwenda Hobart na wanawake 180, wafungwa walivichukua vile vipande vya kitambaa walivyopewa, wakashona mfarishi mmoja mkubwa wenye viraka 2,815, na ukingoni wakatarizi maneno ya kuwashukuru mabibi waliowapa. Mfarishi ule ukapotea, ukaonekana tena Scotland katika miaka ya 1980, na mwaka 1989 ukawekwa katika nyumba ya hazina za sanaa huko Canberra. Majina ya walioushona hayakutariziwa juu yake.