Mwalimu Nyerere na mtihani wa hamasa ya wapiga kura: kutoka Tabora hadi Chimwaga

Tarehe 22 Januari 1962, siku 44 tu baada ya Tanganyika kupata Uhuru, Waziri Mkuu wake alijiuzulu. Hakuwa ameshindwa bungeni, wala hakuwa amefukuzwa na chama chake. Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alimkabidhi Rashidi Mfaume Kawawa madaraka ya Serikali, naye akarudi kwa wanachama wa TANU mikoani na vijijini. Wengi waliusikia uamuzi huo kwa mshangao. Hata hivyo, atakayefuatilia safari yake ya siasa tangu mwanzo ataona kwamba ulitokana na hofu aliyokuwa nayo kwa muda mrefu: kwamba chama kinaweza kushinda uchaguzi na wakati huohuo kikawapoteza wananchi.

Mwalimu alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, akiwa mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Mwisenge, Tabora na Makerere, akafundisha Shule ya Mtakatifu Maria mjini Tabora, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikosoma kati ya 1949 na 1952. Aliporejea alifundisha Pugu, na tarehe 7 Julai 1954 aliongoza kuanzishwa kwa TANU. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya ualimu ili ashughulikie chama. Jina la Mwalimu, hata hivyo, lilibaki naye maisha yake yote.

Mtihani wa kwanza wa umoja wa chama ulikuja Januari 1958, katika mkutano wa TANU mjini Tabora. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kwa utaratibu wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Haki ya kupiga kura nayo iliwekewa masharti ya kipato, elimu au cheo. Wajumbe wengi walifika Tabora wakiwa na hasira, wakitaka uchaguzi huo ususiwe. Mwalimu aliwaeleza kwamba kususia kungewaachia wapinzani wao viti vyote, na kwamba mlango mwembamba ni afadhali kuliko mlango uliofungwa. Baada ya mjadala mkali, mkutano ulikubali kushiriki, na azimio hilo likaja kujulikana kama Uamuzi wa Busara.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Zuberi Mtemvu, mmoja wa viongozi wa TANU, hakuridhika na msimamo wa kushirikiana na watu wa asili nyingine. Alijitenga na kuanzisha chama cha African National Congress. Hata hivyo, wagombea waliopewa ridhaa na TANU walishinda katika uchaguzi wa 1958 na 1959, na njia ya kuelekea Uhuru ikafunguka.

Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Ndani ya ushindi huo, hata hivyo, mlikuwa na jambo la kutafakari. Katika majimbo 58 wagombea wa TANU walipita bila kupingwa, hivyo wakazi wa majimbo hayo hawakupiga kura. Kiti kimoja kilichokosekana, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama kama mgombea binafsi dhidi ya mgombea rasmi wa chama. Kwa maneno mengine, pale TANU iliposhindwa, ilishindwa na mtu wake yenyewe.

Baada ya Uhuru hali ilizidi kuwa ngumu. Viongozi hodari wa chama walihamia ofisi za Serikali, na matawi yakabaki na watu wachache. Vyama vya wafanyakazi vilidai nafasi za kazi zikabidhiwe Waafrika kwa haraka zaidi. Wananchi waliojitokeza kwa maelfu wakati wa kudai Uhuru walianza kuuliza kazi yao sasa ni ipi. Hapo ndipo Mwalimu alipoamua kuuacha uwaziri mkuu. Kwa miezi kadhaa alizunguka nchi, akazungumza na wanachama, akaandika kuhusu ujamaa, na kueleza kwamba chama ni daraja kati ya wananchi na Serikali yao.

Tarehe 1 Novemba 1962 Watanganyika walimchagua Rais wao wa kwanza. Mwalimu alipambana na Mtemvu, yuleyule aliyejitenga baada ya Tabora. Matokeo hayakuacha shaka: Mwalimu alipata kura 1,127,978 na Mtemvu 21,276. Ulikuwa ushindi wa zaidi ya asilimia 98. Lakini kura zote mbili zikijumlishwa hazikufika 1,150,000, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 9. Mshindi alipendwa na karibu wote waliopiga kura, ila waliopiga kura walikuwa wachache wakilinganishwa na umati uliokuwa ukifurika mikutanoni. Tarehe 9 Desemba 1962 aliapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, na swali la hamasa likiwa bado halijapata jibu.

Jibu lililochaguliwa lilikuwa mfumo wa chama kimoja, ulioandaliwa baada ya kazi ya tume iliyoongozwa na Kawawa. Ili uchaguzi usiwe jina tupu, wagombea wawili wa TANU walishindanishwa katika jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Septemba 1965 wananchi waliitumia nafasi hiyo kikamilifu. Wabunge wengi waliokuwa madarakani waliangushwa, akiwemo Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Katika kura ya Rais, ambako jina lilikuwa moja na mpiga kura alisema ndiyo au hapana, Mwalimu alipata kura za ndiyo zaidi ya 2,500,000, ambazo ni zaidi ya maradufu ya kura zake za 1962.

Mfumo huo ulidumu, lakini Mwalimu mwenyewe hakuuona kuwa wa milele. Aliondoka katika urais mwaka 1985 na katika uenyekiti wa CCM mwaka 1990, na alikuwa miongoni mwa waliohimiza mjadala wa vyama vingi, vilivyorejeshwa kisheria mwaka 1992.

Mtihani wake wa mwisho ulikuwa mwaka 1995. Augustine Mrema alikuwa amehamia NCCR-Mageuzi, na mikutano yake ilivuta umati mkubwa. CCM nayo ilikuwa na wagombea wengi wa urais. Katika ukumbi wa Chimwaga, Dodoma, Jakaya Kikwete aliongoza raundi ya kwanza, na Benjamin Mkapa akashinda raundi ya pili kwa tofauti ndogo. Kikwete aliyakubali matokeo, na chama kikatoka ukumbini kikiwa kimoja. Mwalimu, aliyekuwa na miaka 73 na bila cheo chochote, alipanda majukwaani kumnadi Mkapa. Katika uchaguzi huo wa Oktoba na Novemba, Mkapa alipata asilimia 61.8 ya kura na Mrema asilimia 27.8.

Safari hii kulikuwa na wagombea wanne na ushindani wa kweli. Mgombea wa CCM hakukaribia asilimia 98 za mwaka 1962, na zaidi ya theluthi moja ya wapiga kura walichagua wengine. Kura hizo zilihesabiwa na kutangazwa, na nchi ikaendelea na kazi.

Mwalimu Nyerere alifariki dunia London tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa Butiama. Chama kilichogawanyika Tabora mwaka 1958 kilimpatia mpinzani. Kilichobaki pamoja Chimwaga mwaka 1995 kilipata ushindi. Kati ya matukio hayo mawili aliacha funzo moja kwa vyama vyote: umati wa mkutanoni haujawa kura hadi kila mwananchi afike kituoni, na ushindi usio na wananchi nyuma yake ni deni ambalo kiongozi hana budi kurudi vijijini kulilipa.