Wallace Sabine, mtu aliyepima mwangwi kwa mito ya viti

Kijana wa Munuki au Gudele, jijini Juba, anayegeuza chumba chake kuwa studio hukutana mapema na adui asiyeonekana. Kipaza sauti kipo, kompyuta ipo, lakini wimbo unasikika kana kwamba mwimbaji yumo ndani ya pipa. Kuta za saruji na sakafu tupu hurudisha kila neno kabla lile lililotangulia halijanyamaza. Basi husimamisha godoro ukutani, hutundika mablanketi, na mambo huwa afadhali. Aliyeeleza kwanza kwa hesabu kwa nini godoro husaidia ni Wallace Clement Sabine, Mmarekani aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Sabine alizaliwa tarehe 13 Juni 1868 katika mji mdogo wa Richwood, Ohio. Alimaliza chuo kikuu cha jimbo hilo akiwa na miaka 18, kisha akaenda Harvard, akasoma na kubaki hapo kufundisha fizikia. Shahada ya udaktari hakuwa nayo.

Mwaka 1895 chuo hicho kilifungua Jumba la Sanaa la Fogg. Ukumbi wake wa mihadhara ulipendeza macho na kutesa masikio: neno moja lilikaa hewani zaidi ya sekunde 5, na ndani ya muda huo mhadhiri alikuwa ameshatamka mengine mengi juu yake. Rais wa chuo, Charles Eliot, alimkabidhi Sabine kazi ya kuuponya. Wakati huo sauti nzuri ya ukumbi ilikuwa bahati nasibu. Wapo waliotundika nyaya chini ya dari wakiamini zingekata mwangwi.

Sabine alifanya kazi usiku wa manane, mji ukiwa umelala. Yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka Sanders Theatre, ukumbi jirani uliosifiwa kwa sauti yake, wakaipanga Fogg kidogo kidogo. Kila walipoongeza mito, alilia bomba la kinanda, likazimwa, naye akasikiliza hadi sauti ilipokufa, akiandika muda. Asubuhi mito ilipaswa kuwa imerudi mahali pake. Ilipojaa ukumbini, mwangwi ulishuka hadi sekunde 1 na kidogo.

Katikati ya kazi hiyo akagundua kwamba nguo zake mwenyewe zilikuwa zikimeza sauti na kuvuruga matokeo. Alivitupa vipimo zaidi ya 3,000 na kuanza upya, akivaa nguo zile zile kila usiku. Wengi wangenyamaza tu.

Kipimo alichochagua kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa kuwa sauti ikishatoka nje hairudi. Mto, zulia, hata mtu aliyeketi, kila kimoja kilihesabiwa kuwa sawa na dirisha la ukubwa fulani.

Mwaka 1898 alitakiwa ushauri kuhusu ukumbi mpya wa okestra ya Boston. Alisita, maana hesabu ilikuwa haijakamilika. Alirudia daftari zake, na msimu wa vuli mwaka huo akaiona: chukua ujazo wa chumba kwa mita, zidisha kwa 0.161, gawanya kwa jumla ya yale madirisha wazi, utapata sekunde za mwangwi.

Hesabu hiyo inafaa hata Gudele. Chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 3, kikiwa saruji tupu pande zote pamoja na dari, huwa na mwangwi wa karibu sekunde 3. Mita 10 za mraba za magodoro mazito zikiwekwa ukutani, hushuka hadi kama sekunde 0.6. Trei za mayai, zinazopendwa kwa kuwa hazina gharama, humeza kidogo sana, na besi huzipita kana kwamba hazipo. Wala godoro halizuii jenereta ya jirani. Kumeza mwangwi wa ndani ni kazi moja, kuzuia kelele za nje ni nyingine, nayo hutaka kuta nzito na mlango usio na nyufa.

Symphony Hall ya Boston ilifunguliwa tarehe 15 Oktoba 1900, ikiwa ya kwanza kujengwa kwa hesabu hizo. Baadhi ya wahakiki hawakuridhika. Leo inatajwa miongoni mwa kumbi bora kabisa duniani, lakini Sabine hakuishi kuyasikia yote hayo.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi Ulaya, kisha Washington, katika mambo ya ndege za kijeshi, akiwa mgonjwa na akiahirisha matibabu. Alifariki tarehe 10 Januari 1919, akiwa na miaka 50. Huko Geneva, Illinois, tajiri George Fabyan alikuwa amemjengea maabara maalumu ya sauti, Riverbank. Sabine hakuwahi kuhamia humo. Kazi ilichukuliwa na binamu yake, Paul Sabine. Jumba la Fogg alilolikesha usiku kwa usiku lilibomolewa miaka ya 1970, na mahali pake pakajengwa mabweni ya wanafunzi.