Muyaka bin Haji na Mwalimu Sikujua

Jina la Muyaka bin Haji hutajwa sana katika masomo ya Kiswahili, lakini wanafunzi wachache wanajua kwamba mashairi yake nusura yapotee.

Muyaka alizaliwa Mombasa yapata mwaka 1776. Alikuwa mfanya biashara. Zama zile mji ulitawaliwa na Mazrui, nao walikuwa na ugomvi na Seyyid Said wa Oman, na watu wa Lamu pia. Muyaka aliwapigania Mazrui kwa ulimi wake. Washairi wa Lamu wakajibu, naye hakunyamaza. Kabla yake, tungo nyingi zilizohifadhiwa zilikuwa tenzi za dini. Yeye alitunga juu ya vita, njaa, mapenzi na mambo ya sokoni, kwa beti za mistari minne, kila mstari mizani 16. (Jaribuni wenyewe mwone kama ni kazi rahisi!) Mwaka 1837 utawala wa Mazrui ulianguka, na yapata mwaka 1840 Muyaka akafariki.

Kitabu kilichopigwa chapa hakuacha. Tungo zake zilikaa vifuani mwa watu, na kila mzee aliyezikwa alikwenda na beti zake. Ndipo Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni wa Mombasa, alipoanza kuzikusanya. Hakutosheka na maneno matupu; alitafuta pia shairi lilitungwa kwa ajili gani na fumbo lake ni nini. Mimi naona hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote, maana shairi la mafumbo lisilo na maelezo ni kama kufuli lisilo na ufunguo.

Sikujua ndiye aliyemjulisha tungo hizo Mwingereza mmoja, mmisionari William Taylor, akamfafanulia maana yake. Taylor aliziandika kwa herufi za Kirumi. Sikujua alifariki mwaka 1890, na Taylor mwaka 1927, wala hakuna kati yao aliyeiona diwani ikipigwa chapa. William Hichens aliitoa Johannesburg mwaka 1940.

Mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz alitoa kitabu kingine juu ya Muyaka, chenye maelezo mengi. Anayeanza na aanze na hicho. Akikwama katika maneno ya Kimvita, amwendee mzee wa Mombasa amwulize, kama alivyofanya Sikujua.