Khabari za Ibn Batuta na Ukaaji Wake katika Miji ya Uchina

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu wengi wa pwani wametoka makwao wakaingia bara kutafuta riziki. Wako waliofika Shinyanga wakakaa hapa Ngokolo, katikati ya Wasukuma, na wako waliopita mpaka Geita kwenye machimbo ya dhahabu. Mtu afikapo husikia sokoni lugha asiyoijua, huona desturi asizozizoea, na usiku hujiuliza mali yake ataiweka amana kwa nani, na akiugua atauguzwa na nani. Basi tumeona vema kuwaelezea maisha ya mtu aliyeonja ugeni kuliko wengi walio kabla yake na baada yake, ili kila mwenye akili apime hali yake mwenyewe.

Mtu huyo ni Abu Abdillah Muhammad bin Abdallah, ajulikanaye kwa jina la Ibn Batuta. Alizaliwa katika mji wa Tanja, nchi ya Maghrib, mwezi wa Rajab mwaka wa 703 wa Hijra, nao ni mwaka 1304 wa Miladi. Watu wa nyumba yao walikuwa watu wa ilimu na ukadhi, naye akasoma fikihi ya Imam Malik. Mwaka 1325 alitoka peke yake kwenda kuhiji, umri wake miaka ishirini na moja. Aliwaacha wazazi wake wote wawili hai, na asiwaone tena.

Baada ya hija hakurejea kwao. Yapata mwaka 1331 alishuka pwani yetu hii, akafika Mogadisho, akalala Mombasa usiku mmoja, kisha akaenda Kilwa. Huko alimkuta Sultani Hasan bin Suleiman, akamsifu kwa ukarimu wake na kwa kunyenyekea kwake mbele ya masikini. Pwani yetu haikumtia dhiki, kwa kuwa kila alikokwenda alisikia adhana, na kadhi na mashekhe walikuja kumlaki. Ugeni wake ulikuwa wa njia tu, haukuwa wa moyo.

Kisha akaenda Bara Hindi, akawekwa kuwa kadhi wa Delhi kwa Sultani Muhammad bin Tughluk. Mwaka 1341 Sultani akamchagua kuwa mjumbe wake kwa mfalme wa Uchina, akampa zawadi nyingi za kuchukua. Walipofika bandari ya Kalikut dhoruba ilivunja marikebu, zawadi zikapotea na watu wengi wakafa maji. Ibn Batuta alisalimika kwa sababu alikuwa amebaki nchi kavu kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Baada ya hapo alikuwa kadhi katika visiwa vya Maldivi, kisha akapita Sumatra, na yapata mwaka 1345 akafika bandari ya Zaituni, ambayo Wachina huiita Quanzhou. Wako wataalamu wa taarikh wanaotilia shaka sehemu ya safari zake za Uchina. Sisi twaeleza kama alivyoandikisha yeye katika kitabu chake.

Alikuta ya kuwa katika kila mji wa Uchina Waislamu wana mtaa wao, wana misikiti yao, na watu wa nchi huwaheshimu. Zaituni alipokewa na kadhi, na Shekhe wa Islamu, na wafanyi biashara, na mmoja wao alikuwa ni mtu aliyemkopesha fedha zamani huko Bara Hindi. Mfanyi biashara mgeni alikuwa akihiarishwa: akitaka hukaa kwa Mwislamu aliye mkaazi wa mji, au hukaa katika nyumba ya wageni. Mali yake huhesabiwa ikawekwa kwa mwenyeji wake, naye humtolea matumizi kwa uaminifu; na siku ya kuondoka ikipungua kitu, mwenyeji hulipa. Njiani katika kila kituo palikuwa na nyumba ya wageni na mtu wa serikali. Baada ya magharibi huja na karani wake, akaandika majina ya wageni wote, akafunga mlango. Asubuhi huwaita mmoja mmoja, kisha huwapeleka na mtu mpaka kituo cha pili, na mtu huyo hurejea na barua ya kuwa wote wamefika salama. Siku moja alipita soko la wachoraji, na aliporejea jioni aliona sura yake na za wenziwe zimechorwa katika karatasi na kubandikwa ukutani. Ilikuwa desturi ya nchi kumchora kila mgeni, ili akifanya uovu akakimbia apate kutafutwa kwa sura yake.

Ibn Batuta alikiri ya kuwa hakuona nchi yenye amani kwa msafiri kuliko Uchina. Aliona huko hariri ikivaliwa hata na masikini, na sarafu ya karatasi, na vyombo vya kaure ambavyo vigae vyake vimeokotwa Kilwa na miji mingi ya pwani yetu.

Lakini pamoja na neema hiyo moyo wake ulidhikika. Kila atokapo nje aliona ibada na vyakula vilivyomchukiza, basi akawa hukaa ndani ya nyumba wala hatoki ila kwa dharura. Na akiwaona Waislamu huwa kama aliyekutana na ndugu wa tumbo moja. Katika mji mmoja aliletewa fakihi mkubwa kumwamkia. Katika mazungumzo ikadhihiri ya kuwa ni mtu wa Sabta, mji ulio karibu na Tanja, na ya kuwa walionana Delhi alipokuwa kijana. Wakalia wote wawili. Baadaye Ibn Batuta alikutana na nduguye mtu huyo huko Sijilmasa, ukingoni mwa jangwa la Sahara, akastaajabu jinsi ndugu wawili walivyotengana.

Sasa mtazameni mtu mwingine. Alipoingia Khansa, nao ni Hangzhou, mji mkubwa kupita yote aliyoiona, alikaa siku kumi na tano kwa watoto wa tajiri mmoja wa Misri, jina lake Uthman bin Affan. Tajiri huyo aliupenda mji akaufanya kwao. Alijenga msikiti wa Ijumaa akauwekea wakfu, na kulikuwa na zawia kwa jina lake. Na watoto wake waliendelea kuwasaidia masikini na wahitaji kama baba yao. Mgeni huyu hakuacha dini yake hata chembe, wala hakuikimbia nchi.

Wako na wageni wa namna ya tatu. Mwaka 1357, Ibn Batuta amekwisha rejea kwao, askari wageni Waislamu wa Zaituni walimwasi mfalme wakautwaa mji. Walipovunjwa mwaka 1366 wageni wengi waliuawa, na biashara yao ya miaka mingi ikaharibika.

Ibn Batuta alirejea Maghrib mwaka 1349. Babake alikuwa amekufa zamani, na mamake alikuwa amekufa kwa tauni miezi michache tu kabla ya yeye kufika. Baadaye alikwenda Mali, kisha kwa amri ya Sultani akamwandikisha Ibn Juzay khabari za safari zake, kikamalizika kitabu mwaka 1355. Alikufa yapata mwaka 1368, naye ni kadhi katika nchi yake. Mungu amrehemu.

Ewe ndugu uliye ugenini, iwe Ngokolo au kwingineko, jipime. Jirani yako Msukuma akikupokea na kukulindia mali yako, amekutendea kama Wachina walivyomtendea Ibn Batuta. Ukijifungia ndani utasalimika, lakini utaondoka bila ya kujulikana. Ukitaka kumtawala mwenyeji wako, yaliyopata Zaituni yatakupata. Ama ukishika dini yako, ukajifunza lugha yake, ukamzuru akiugua na ukalisha masikini wa mtaa bila kuuliza kabila zao, basi watoto wako watarithi heshima kama waliyorithi watoto wa yule Mmisri.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.