Woodrow Wilson, raisi aliyepoteza upande wa kushoto

Katika familia nyingi za kwetu kuko mzee aliyepigwa na kiharusi, ile wengi tunaita AVC. Unamletea sahani ya bugali na sombe, anakula upande wa kuume, upande wa kushoto unabaki vilevile, kisha anasema hakushiba. Unamwita ukiwa kushoto kwake, hageuki. Wengine wanasema ni kiburi, wengine wanasema amelogwa. Leo tunawaelezea maisha ya mtu mkubwa aliyepatwa na ugonjwa wa namna hiyo wakati alikuwa raisi wa Marekani.

Thomas Woodrow Wilson alizaliwa tarehe 28 Desemba 1856 katika mji wa Staunton, jimbo la Virginia. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Presibiteri. Wilson alisoma sana, akawa profesa, na mwaka wa 1902 akapewa kuongoza chuo kikuu cha Princeton. Kisha akaingia katika siasa. Mwaka wa 1911 akawa gavana wa New Jersey, na mwezi wa Machi 1913 akawa raisi.

Mwili wake ulikuwa umekwisha kutoa alama mapema. Mwaka wa 1896 mkono wa kuume ulikosa nguvu, akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Mwaka wa 1906 aliamka asubuhi moja, jicho la kushoto halioni. Wanganga walimshauri apumzike. Alipumzika miezi michache, mwono ukarudi kidogo, naye akarudia kazi.

Kama raisi, alifanya mambo ya kusifiwa na mengine ya kulaumiwa. Chini ya utawala wake, wafanyakazi weusi katika ofisi za serikali walitengwa na wazungu. Mwaka wa 1917 aliingiza inchi yake katika vita kuu ya kwanza. Vita vilipoisha alikwenda Paris kutafuta amani, na huko akasimamia wazo lake kubwa, ni kusema Shirikisho la Mataifa, ambapo inchi zingezungumza mbele ya kupigana. Mkataba ulitiwa sahihi Versailles tarehe 28 Juni 1919. Jambo hili lilifika mpaka hapa kwetu, juu ni chini ya Shirikisho hilo Ubeligiji ilipewa kusimamia Ruanda-Urundi, majirani zetu wa ng'ambo ya Ruzizi.

Lakini ili Marekani iingie katika Shirikisho, ilihitaji kura ya theluthi mbili za baraza la Seneti, na maseneta wengi walikuwa na mashaka. Septemba 1919 Wilson alipanda treni kwenda kuwasemesha raia mji kwa mji. Kichwa kilimuuma usiku na mchana. Tarehe 25 Septemba, kisha kuhutubia katika mji wa Pueblo, nguvu zilimwisha. Treni ikarudishwa Washington. Tarehe 2 Oktoba kiharusi kikubwa kilimpiga, upande wote wa kushoto wa mwili ukapooza.

Hapa tufahamu namna ubongo unavyofanya kazi. Ubongo uko na nusu mbili. Nusu ya kuume inaongoza mkono na mguu wa kushoto. Ni nusu hiyo pia inapokea yale tunayoona upande wa kushoto, kwa macho yote mawili. Ikiumizwa, mgonjwa anaweza kuwa na macho mazima na bado asione kitu cha kushoto kwake.

Kuko hali mbili. Katika hali ya kwanza mwono wa upande mmoja umekatika, lakini mgonjwa anajua. Anageuza kichwa na kutafuta. Hali ya pili ni nguvu zaidi: ubongo unaacha kabisa kuangalia ule upande. Kwake ni kama kushoto hakuko. Ananyoa ndevu nusu ya uso, anagonga mlango kwa bega la kushoto, anasoma nusu ya mstari. Na wagonjwa wengine hawajui kama wanaumwa. Mkono umepooza, naye anasema uko mzima. Hasemi uongo, ni sehemu ya ubongo ya kumjulisha ndiyo imeumizwa.

Wanganga waliochunguza maisha ya Wilson miaka mingi baadaye walitambua alama hizo kwake: kupooza, kupoteza mwono wa kushoto, na kutopima vizuri uzito wa ugonjwa wake.

Wakati ule raia hawakuambiwa ukweli. Bibi yake Edith na munganga wake Cary Grayson walifunga mlango. Watu waliambiwa raisi amechoka sana. Edith ndiye alichagua ni karatasi gani zimfikie mumewe. Mwezi wa Desemba, wakati maseneta wawili walikuja kuhakikisha hali yake, walimkuta kitandani, mkono wa kushoto umefichwa chini ya blanketi. Wakaondoka wakiamini akili yake iko sawa.

Wilson mwenyewe alikataa kabisa kupunguza kitu katika mkataba. Alikuwa mtu mgumu tangu zamani, kwa hiyo si haki kuwekea ugonjwa lawama yote. Lakini wanahistoria wengi wanaona kwamba kiharusi kilizidisha ugumu huo. Seneti ilikataa mkataba Novemba 1919, tena Machi 1920. Marekani haikuingia kamwe katika Shirikisho ambalo raisi wake alilianzisha. Waziri wake Robert Lansing, aliyekuwa akiita mikutano ya mawaziri wakati raisi anaumwa, alifukuzwa. Na Wilson, katika hali ile, alifikiri bado kugombea mara ya tatu.

Aliacha madaraka Machi 1921, akafa Washington tarehe 3 Februari 1924. Ni mwaka wa 1967 tu Marekani iliweka katika katiba yake namna kamili ya kufanya kama raisi ameshindwa kazi juu ya ugonjwa.

Familia ya Wilson ilificha, na inchi nzima ikalipa bei. Nyumbani kwetu pia kuficha ao kulaumu hakusaidii. Kama mdomo wa mtu umepinda, mkono umeanguka, ao maneno hayatoki vizuri, mkimbizeni hospitali mara moja. Tansio ipimwe kila mara, juu ni moja ya sababu kubwa za kiharusi. Na kama mzee anaacha nusu ya sahani, msimkaripie. Mugeuzieni sahani. Kisha, polepole, mfundisheni kugeuza kichwa na kutafuta upande wa kushoto: mguseni mkono ule, kaeni pale mkizungumza naye. Wagonjwa wengi wanapata nafuu namna hiyo, siku kwa siku, kama kuko mtu wa kuwakumbusha kwamba upande wa pili bado uko.