Sarafu Moja kwa Wiki



Kila Oktoba, katika Dominika ya Kimisionari, sadaka ya misheni hukusanywa katika parokia zetu zote, kuanzia Songea mjini hadi Peramiho. Wewe pia hutoa. Lakini je, unamfahamu aliyeanzisha shirika linalopokea sadaka hiyo? Hakuwa askofu wala mtawa. Alikuwa binti mlei, Pauline Jaricot.

Alizaliwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1799. Baba yake alikuwa mfanyabiashara tajiri wa hariri, naye binti alipenda mapambo. Akiwa na miaka 17 alisikia mahubiri ya Kwaresima juu ya majivuno, akaacha vito vyake na kuvaa kama wasichana wa viwandani.

Kaka yake Philéas, aliyekuwa akisomea upadre, alimweleza jinsi misheni za mbali zilivyodhoofika kwa kukosa fedha. Pauline hakutegemea marafiki matajiri wa baba yake. Aliwaendea wafanyakazi wa hariri. Kila mmoja alisali, akatoa sarafu moja ndogo kwa wiki, na akatafuta wengine kumi. Kiongozi wa kumi alikabidhi kwa kiongozi wa mia, wa mia kwa wa elfu. Ukisoma Kutoka 18 utaukumbuka ushauri wa Yethro kwa Musa. Hakuna aliyempa fedha mtu asiyemjua.

Tarehe 3 Mei 1822 Shirika la Uenezaji wa Imani likazaliwa rasmi. Miaka 100 baadaye Papa Pius XI alilifanya kuwa la Kipapa. Nasi tu mashahidi: Peramiho, iliyoanzishwa 1898 na kuchomwa moto 1905 wakati wa Maji Maji, ilisimama tena kwa msaada wa waamini wa ng'ambo ambao hawakuwahi kuiona Ruvuma.

Kisha ukaja msalaba. Mwaka 1845 Pauline alinunua kiwanda cha chuma huko Rustrel, akitaka wafanyakazi watendewe haki. Watu aliowaamini kukiendesha walimdanganya. Fedha zikapotea, zikiwemo akiba za maskini. Angeweza kuwatupia lawama matapeli na kukaa kimya. Badala yake alitumia miaka yake iliyobaki akiomba huku na huko ili alipe madeni. Hata shirika alilolizaa halikumsaidia. Alifariki 9 Januari 1862, akiwa fukara. Tarehe 22 Mei 2022, huko Lyon, Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri.

Ndugu yangu, pengine wewe ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mweka hazina wa jumuiya ndogondogo, au kiongozi wa kikundi kinacholea yatima. Usimngoje mfadhili mkubwa. Anza na watu kumi wanaokujua. Usimwachie mtu mmoja fedha zote, hata kama ni mcha Mungu: Pauline alikuwa na moyo safi, ila hapakuwa na jicho la pili juu ya vitabu vya Rustrel. Na kabla ya kutangaza mchango mpya, soma mapato na matumizi ya ule uliopita mbele ya waliotoa.

Yule mjane wa Injili alitoa senti zake mbili, na Yesu aliziona. Senti za mjane wa mtaani kwako ziko mikononi mwako. Hizo ni deni lako mbele ya Mungu.

Mwenyeheri Pauline, utuombee.