S. M. Otieno: Maiti Haulizwi Sanda

Wahenga walinena kwamba maiti haulizwi sanda. Maana yake yajulikana: aliyekwisha kufa hana la kuchagua, avishwacho ndicho chake. Lakini yumo mtu katika historia ya Kenya ambaye, kwa kiapo cha mkewe, alikwisha kuitaja sanda yake kabla ya kufa. Na juu ya hayo akakaa siku 154 bila kuzikwa, huku walio hai wakishindana ni nani mwenye haki ya kumtia kaburini. Huyo ni Silvano Melea Otieno, wakili mashuhuri wa Nairobi, aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986 na kuzikwa tarehe 23 Mei 1987.

Twaandika habari zake tukiwa Sindo, mji wa wavuvi ulioko ufukoni mwa ziwa, chini ya milima ya Gwassi. Otieno hakuwa mtu wa hapa. Kwao kulikuwa Nyalgunga, wilaya ya Siaya, ng'ambo ya ghuba. Lakini msiba aliouacha ni msiba wa kila nyumba katika nchi hii ya ziwa. Mtu wa huku akifa Nairobi au Mombasa, haulizi mtu atazikwa wapi. Jamaa huchanga fedha, jeneza likapakiwa garini, na safari ya usiku kucha ikaishia katika boma la babake au boma lake mwenyewe. Mwenye boma huzikwa upande wa kulia wa nyumba yake, na kaburi lake huwa ni ushahidi wa ardhi na wa ukoo. Hata Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na ambaye maisha yake yote ya siasa aliyaishi mjini, amelala kisiwani Rusinga, si mbali na hapa. Anayezikwa kwingine huhesabiwa kuwa ametupwa.

Basi Otieno alikuwa nani hata akataka, au ikasemwa kuwa alitaka, kulivunja jambo zito kama hilo?

Alizaliwa Nyalgunga mwaka 1931, katika ukoo wa Umira Kager. Alipokuwa kijana alivuka bahari akaenda Bombay, Uhindi, kusomea sheria. Aliporudi aliingia katika kazi ya uwakili, na baada ya miaka michache jina lake likajulikana katika mahakama zote za Nairobi, hasa katika kesi za jinai. Alikuwa hodari wa kusema na mpenzi wa vitabu. Shakespeare alimsoma, akampenda na kumtaja mara kwa mara. Waliomjua walimwona kuwa ni mtu wa zama mpya: nyumbani kwake Kiingereza ndicho kilichokuwa lugha ya watoto.

Mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru, alimwoa Virginia Edith Wambui Waiyaki. Ndoa ilifungwa kwa sheria ya serikali, wala si kwa mila ya Wajaluo wala ya Wakikuyu. Wambui hakuwa mwanamke wa kuketi jikoni akasubiri habari. Alikuwa wa uzao wa Waiyaki wa Hinga, yule mkubwa wa Wakikuyu aliyekamatwa na Waingereza mwaka 1892, akafia Kibwezi alipokuwa akipelekwa pwani, akazikwa huko huko mbali na watu wake. Wambui mwenyewe alifanya kazi ya siri kwa ajili ya Mau Mau mjini Nairobi, na mwaka 1960 serikali ya kikoloni ikamweka kizuizini kisiwani Lamu. Ndugu yake, Dakta Munyua Waiyaki, alipata kuwa waziri wa mambo ya nje. Mjaluo kumwoa Mkikuyu wa jamaa kama hiyo lilikuwa ni jambo la watu kulizungumza, na baada ya Mboya kuuawa mazungumzo hayo yakawa machungu zaidi. Lakini wawili hao waliishi pamoja miaka 23, wakalea watoto 15, baadhi yao wa kuwazaa na wengine wa kuwachukua wakawafanya wao.

Walikuwa na nyumba mjini, na shamba huko Upper Matasia, karibu na Ngong. Hapo Matasia ndipo Wambui aliposema kuwa mumewe alipachagua pawe makazi yake ya mwisho. Alimwambia mkewe, aliwaambia na rafiki. Lakini hakuandika. Wakili aliyetumia umri wake wote kuwaambia watu kwamba neno lisiloandikwa ni upepo, yeye mwenyewe hakuacha karatasi hata moja ya kusema azikwe wapi. Aliugua ghafla siku ile ya Desemba, akafariki siku hiyo hiyo, akiwa na umri wa miaka 55.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka, na kila mwenye nguvu akaingia.

Wa kwanza kuingia ni ukoo. Joash Ochieng' Ougo, ndugu wa marehemu, pamoja na Omolo Siranga, kiongozi wa Umira Kager mjini Nairobi, walisema kuwa Mjaluo huzikwa kwao, na kwamba mke hana mamlaka ya kumzika mume bila ya ukoo. Tusiwafanyie dhihaka. Waliamini kuwa mtu aliyezikwa ugenini roho yake haitulii, na kwamba wanaomwacha huko ndio watakaobeba lawama kizazi baada ya kizazi. Waliona pia kwamba ndugu yao aliwahi kwenda Nyalgunga kuzika jamaa zake kama afanyavyo mtu yeyote wa ukoo. Kwao hao, mwacha asili ni mtumwa, na ndugu yao hakuwa mtumwa.

Wa pili kuingia ni serikali kwa mkono wa mahakama. Mapema mwezi wa Januari 1987 Jaji Frank Shields alimpa Wambui ruhusa ya kumzika mumewe. Ukoo ukakimbilia Mahakama ya Rufani, mazishi yakazuiwa, ikaamriwa kesi isikizwe upya na mashahidi waitwe. Kesi ikaanza tarehe 21 Januari mbele ya Jaji S. E. O. Bosire. Wakili wa Wambui alikuwa John Khaminwa. Wa ukoo alikuwa Richard Kwach. Nchi nzima ikawa haina habari nyingine. Watu walijaa mahakamani na mitaani, magazeti yakaandika maneno ya mashahidi kila siku.

Mashahidi wenyewe walikuwa wa kila namna. Alisimama Profesa Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kueleza mila za Wajaluo. Alisimama pia mchimba makaburi, akaapa kuwa marehemu alimwambia kwa kinywa chake kuwa kwao ni Nyalgunga na huko ndiko atakakozikwa. Mke akaapa hivi, mchimba kaburi akaapa vile. Na palizuka mjadala ambao msomaji wa pwani angedhani ni wa washairi: tofauti ya nyumba na maskani. Ukoo ulisema kuwa nyumba ya mjini, hata ikiwa ya fahari namna gani, ni mahali pa kulala tu, Wajaluo huiita ot. Lakini maskani, dala, huanzishwa kwa taratibu za wazee katika ardhi ya mababu. Hivyo Otieno alikuwa na nyumba Nairobi na Matasia, lakini hakuwa na kwao ila Nyalgunga.

Wa tatu kuingia ni dini. Upande wa Wambui ulisema kuwa marehemu aliishi maisha ya Kikristo na ya kisasa, ya ndoa ya serikali, na kwa hiyo mila hazikumshika tena. Mjane alisema kuwa yeye ameokoka, hawezi kunyolewa wala kufanyiwa ibada za kimila. Kwa hiyo yule maiti akawa na Ukristo upande huu, mizimu upande ule, na sheria iliyoletwa na Waingereza katikati, kila mmoja akisema kuwa ni wake.

Tarehe 13 Februari Jaji Bosire alitoa hukumu. Alikata kuwa Otieno alizaliwa Mjaluo na alikufa Mjaluo, na kwamba sheria ya mila ndiyo impasayo. Mwili wapewe Wambui na Joash kwa pamoja, uzikwe Nyalgunga. Wambui akakata rufani, na tarehe 15 Mei majaji watatu, Nyarangi, Platt na Gachuhi, wakaithibitisha hukumu ile. Kwa muhtasari walisema kuwa maiti si mali ya mtu, kwamba matakwa ya marehemu hayashindi mila, na kwamba Mjaluo hawezi kuuvua Ujaluo wake kama avuavyo koti. Wala hawakuyatoa hewani. Sheria ya mahakama za Kenya iliagiza mila ziongoze kesi za namna hiyo maadamu hazipingani na haki na uadilifu. Na katiba ya wakati ule, katika kifungu cha 82, iliyatenga mambo ya ndoa, urithi na mazishi yasiguswe na kinga ya kutobaguliwa. Mlango ambao mjane angeweza kupitia ulikuwa umefungwa zamani.

Siku nane baadaye mwili ukapelekwa Nyalgunga, ukazikwa mbele ya umati mkubwa. Wambui hakwenda.

Sasa, ndugu msomaji, tuyapime mambo haya tukiwa hapa Sindo, maana hapa pana mizani yake. Wenyeji wa nchi hii ni Wasuba. Mababu zao walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda, wakiwa na lugha yao ya Kibantu. Leo wengi wao husema Kijaluo, huzika Kijaluo, na lugha ya asili imebaki kwa wachache. Hakuna mahakama iliyowakataza kubadilika, na hakuna aliyewaita watumwa. Ikiwa kabila zima laweza kuvuka maji na kuingia katika asili nyingine, mtu mmoja mwenye akili zake atashindwaje kuvuka kutoka Nyalgunga mpaka Matasia? Asili ni kitu kizito, lakini si jiwe.

Hata hivyo, tusijidanganye kuwa matakwa ya mtu hayana mpaka. Sisi tuliosoma vyuoni twajua kuwa Mwislamu akiusia mali yake, wasia wake haupiti theluthi. Akiusia achomwe moto, hasikilizwi. Mwili ni amana, si milki. Lakini mpaka huo Mwislamu anaujua tangu utoto wake, anaishi nao na kuukubali. Dhuluma iliyomfika Otieno, kwa maoni yetu, haikuwa kwamba palikuwa na mpaka, bali kwamba mpaka uliwekwa baada ya yeye kufumba macho. Alipokuwa hai, serikali ilimfungisha ndoa kwa sheria yake, ikapokea kodi yake, ikamsikiliza mahakamani kama mwanasheria wa Kenya. Alipokufa ikamwambia mkewe kuwa katika jambo hili sheria ile haimhusu. Ukoo nao ulimwachia akaishi atakavyo miaka 23, kisha ukamdai akiwa hawezi kujibu.

Na ajabu moja haisahauliki. Shakespeare aliyempenda sana alizikwa Stratford mwaka 1616, na juu ya jiwe la kaburi lake pana maneno ya kumlaani atakayeigusa mifupa yake. Mifupa ingali pale. Mwalimu aliandika juu ya jiwe. Mwanafunzi aliacha katika masikio ya watu, na masikio yakagawanyika.

Wambui aliendelea kuishi kwa kishindo. Mwaka 1998 alitoa kitabu cha maisha yake, mwaka 2003 akaolewa tena na kijana mdogo kwake sana, watu wakasema wakachoka, na mwaka 2011 akafariki. Kabla yake, mwaka 2010, Kenya ilikuwa imepata katiba mpya isemayo kuwa mila yoyote inayopingana na katiba ni batili, na kuwa mume na mke wana haki sawa katika ndoa. Katika kaunti hii ya Homa Bay jambo lenyewe lilirudi mwaka 2019, alipofariki Ken Okoth, mbunge wa Kibra, ambaye kwao ni Kabondo. Palikuwa na mzozo na kwenda mahakamani, lakini mwisho wake mwili uliteketezwa Nairobi, jambo ambalo mwaka 1987 lisingefikirika. Na mwezi wa Oktoba 2025 Raila Odinga alipofariki Uhindi, ilitangazwa kuwa ametaka azikwe ndani ya saa 72. Serikali, kanisa na ukoo, ambao kwa mtu wa daraja yake wangependa matanga ya wiki nyingi, walijikaza, akazikwa Bondo siku ya nne.

Tofauti ya Raila na Otieno si ukubwa wa jina tu. Raila aliomba haraka, lakini mahali hapakuwa na ugomvi, alirudi kwao. Otieno aliomba mahali. Mpaka leo, ukiwauliza wazee wa ufuko huu, watakuambia kuwa ukoo waweza kusamehe mengi, lakini si kaburi.

Basi mwenye neno juu ya mwisho wake na alitoe mapema, aliandike, kisha afanye lililo gumu zaidi kuliko kuandika: alipeleke neno hilo kwa ndugu zake wa kijijini, akalisema mbele yao, wagombane naye yeye mwenyewe akiwa hai na mwenye ulimi. Silvano Melea Otieno alikuwa na ulimi kuliko mawakili wengi wa zama zake. Kesi moja tu hakuisemea, nayo ndiyo iliyokuwa yake.